Karibu ya Juu ya Paa

Waswahili tuna methali mbili kuhusu mgeni. Moja inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huzitaja kana kwamba zinapingana: ya kwanza ni ya ukarimu, ya pili ni ya mtu aliyechoka kupika. Tangu nihamie Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat huko magharibi mwa India, nimeanza kuiangalia ile ya pili kwa jicho jingine, na swali lililonifikisha hapo ndilo nataka tulijadili leo. Mtu akikukaribisha kwenye sikukuu yake, amekukaribisha wewe, au amekukaribisha kwenye sikukuu tu?

Nipo huku mwaka wa nne sasa. Nafanya kazi kwenye kampuni ya dawa inayouza bidhaa zake Afrika Mashariki. Nahangaika na makaratasi ya usajili na yale maelezo ya Kiswahili yanayokunjwa ndani ya boksi, ambayo wewe msomaji huyatupa bila kuyasoma. Ni kazi ya ofisini, kiyoyozi kipo, chai ya maziwa na tangawizi inapita saa nne na saa kumi. Sina dhiki ya kuililia dunia, na silii. Ninachouliza ni suala la maadili, siyo la posho.

Gujarat bwana, wanajua kusherehekea. Navratri peke yake ni usiku tisa. Watu wanacheza garba, wanazunguka taa iliyowekwa ndani ya chungu cha udongo chenye matundu. Mwendo unaanza taratibu, makofi yanahesabika, halafu unakolea mpaka sketi zinakuwa kama miavuli. UNESCO waliiingiza garba kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2023, lakini aliyewahi kuvutwa mkono akaingizwa kwenye duara lile hahitaji cheti. Hakuna anayekuuliza kama unajua kucheza. Diwali ikifika ofisi zinafungwa, kisha unakuja mwaka mpya wa Kigujarati, na watu wanapita nyumba hadi nyumba kupeana heri na kula vitamu.

Lakini kwangu mimi sikukuu ya mji huu ni Uttarayan, tarehe 14 Januari, wanapoadhimisha jua kuanza safari yake ya kurudi kaskazini. Siku hiyo barabara zinabaki tupu kwa sababu mji mzima umepanda juu ya paa. Katika mji mkongwe, ule uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2017, nyumba zimebanana kwenye vichochoro wanavyoviita pol, na mapaa yake yanakaribiana kiasi kwamba unaweza kumpa jirani glasi ya maji bila kushuka. Angani ni tiara tupu. Uzi umepakwa unga wa vioo ili ukate uzi wa mwenzako, na ukishamkata unapiga kelele “Kai po che!”, yaani nimeikata. Kuna kashata za ufuta na za karanga, kuna jalebi, kuna undhiyu, mchanganyiko wa mboga za msimu wa baridi unaopikwa kwa saa nyingi. Watoto wanakutwika kazi ya kushika kibiringo cha uzi. Wazee wanakuambia unashika vibaya.

Mwaka wangu wa kwanza, mwenzangu wa ofisini alinipeleka kwenye paa la wajomba zake. Kabla ya saa sita mchana nilishapata kaka kumi na mbili, na jina langu lilishaongezewa “bhai” mwishoni, kama wanavyofanya kwa mtu wanayemheshimu. Siku zile nilikuwa natafuta nyumba. Dalali wangu alikuwa na maswali manne: unatoka nchi gani, una familia, jina lako kamili nani, unakula nini. Kila jibu liliondoa nyumba kadhaa kwenye daftari lake. Pale juu ya paa, yule bwana aliyenifundisha kuvuta uzi aliniambia kuwa kwenye jengo lao, ng'ambo ya mto Sabarmati, kuna nyumba imebaki tupu. Nikamwambia natafuta. Akatabasamu, tena la moyoni, akasema ataongea na kamati ya jengo.

Jibu lilikuja kupitia kwa mwenzangu baada ya wiki mbili. Kamati inasikitika. Kuna wazee, kuna mambo ya harufu ya mapishi, kuna usumbufu wa polisi. Hilo la polisi si uzushi: anayempa mgeni wa nje malazi anatakiwa kutoa taarifa kwa serikali ndani ya saa 24, kwa fomu ambayo wakati ule iliitwa Fomu C. Na yule bwana hakunidanganya, nina hakika. Juu ya paa alikuwa mkweli, na kwenye kamati alikuwa mkweli. Hapo ndipo penye kazi ya kufikiri.

Jibu jepesi ni kusema ni ubaguzi wa rangi, tufunge kitabu. Rangi imo, sitajifanya kipofu. Ila nilipoanza kuulizia nilikuta foleni ndefu. Dada mmoja wa ofisini, Mgujarati kabisa, alikuwa amekataliwa kwa sababu hajaolewa. Mwingine kwa sababu jina lake ni la Kiislamu. Na katika jimbo hili kuna sheria ya mwaka 1991 inayotaka kibali cha mkuu wa wilaya kabla ya kuuziana nyumba kwenye maeneo yaliyotangazwa kuwa na machafuko, kwa hiyo mipaka ya dini imechorwa mpaka kwenye hati za nyumba. Wengine kwa sababu wanakula nyama. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya India iliamua kuwa chama cha ushirika wa nyumba cha Waparsi hapa hapa Ahmedabad kinayo haki ya kupokea Waparsi peke yao.

Tuwatendee haki wenye nyumba. Kwa familia nyingi hapa jiko si mahali pa kupikia tu. Ni mahali pa usafi wa kidini, na harufu ya samaki inayopanda ngazi si jambo dogo kwao. Kama mtu anapangisha chumba kimoja na jiko ni la kushirikiana, siwezi kumwambia kuwa dhamiri yake ihame ili mimi nikaange dagaa. Tatizo ni hesabu. Mmoja akikataa, amechagua mpangaji. Mtaa mzima ukikataa, umejengwa ukuta ambao hauna fundi. Kila mtu ameweka tofali moja tu, tena kwa sababu nzuri, na ukiuliza ni nani amejenga, hakuna.

Hao Waparsi wana hadithi inayojulikana Gujarat yote. Inasimuliwa kwamba walipokimbia kutoka Uajemi wakafika pwani ya Sanjan, mfalme wa pale aliwatumia bakuli lililojaa maziwa mpaka ukingoni, maana yake nchi imejaa. Kuhani wao akatia sukari ndani, maziwa hayakumwagika hata tone. Wakapewa ruhusa ya kukaa. Ni hadithi nzuri na watu huisimulia kwa fahari. Mimi kila nikiisikia nawaza sukari ile. Mzigo wote yeye ndiye anaubeba: ayeyuke, asionekane, atamu maziwa ya mwenyewe. Bakuli haliombwi lolote.

Na je, anayeyeyuka anapata kukaa kwa amani? Waulize Wasidi. Hawa ni Wagujarati wenye asili ya Afrika. Mababu zao waliletwa wakiwa watumwa, askari na mabaharia karne nyingi zilizopita. Katikati ya Ahmedabad upo msikiti wa Sidi Saiyyed, mtu mwenye asili ya Uhabeshi, uliokamilika mwaka 1573. Madirisha yake ya mawe yamechongwa mti wenye matawi yanayosokotana kama lesi, na mchongo huo umekuwa alama ya mji. Hata chuo maarufu cha menejimenti kilicho hapa nembo yake imetokana nao. Nilisafiri pia hadi Ratanpur, kwenye ziara ya Bava Gor, mtakatifu ambaye Wasidi wanamhesabu kuwa alikuja kutoka Afrika. Ngoma yao wanaiita goma. Neno limepoteza herufi moja tu njiani.

Pale Ratanpur nilizungumza na mzee kwa Kihindi changu cha kuombea maji. Yeye Kigujarati ndiyo lugha ya mama yake na ya bibi ya bibi yake. Akaniambia kwamba akipanda treni watu bado wanamuuliza ametoka nchi gani. Kule karibu na msitu wa Gir, wanakokwenda watalii kuona simba, Wasidi wanaitwa kwenye mahoteli kucheza usiku. Kwa tamasha wanakaribishwa sana. Nikaelewa kwamba lile jambo la kamati halikuanza na mimi, wala halitegemei kama umeyeyuka au hujayeyuka.

Kabla hatujatikisa vichwa kuisikitikia India, tugeuze shingo nyumbani. Wengi wa Wahindi wa Dar es Salaam na Zanzibar asili yao ni Gujarat. Sambusa yao tumeifanya yetu mpaka Ramadhani haikamiliki bila hiyo, na Diwali ikifika Kisutu watu wanasimama kuangalia fataki. Lakini mtu ambaye babu wa babu yake amezikwa Zanzibar bado tunamwita Mhindi, kama vile begi lake halijafunguliwa. Mwaka 1971 serikali yetu ilipotaifisha majumba ya kupangisha, wengi wa waliopoteza walikuwa wao. Unaweza kuitetea sera ile kwa hoja za usawa, nami najua hoja zake, ila hukumbuki kusikia mtu akiwapa pole. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90. Chakula chao kilibaki. Nasi kwa upande wetu tunajua nyumba za Upanga ambazo Mwafrika aliambiwa imeshapata mtu. Kwa hiyo mchezo huu wa kupendana kwa sahani na kukataana kwa mlango tunaujua pande zote mbili za bahari.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1795, aliandika kwamba kila mtu ana haki ya kufika kwenye nchi ya wengine bila kutendewa kama adui, lakini haki hiyo ni ya kutembelea. Kukaa kama mgeni nyumbani mwa mtu kunahitaji makubaliano mengine. Nafikiri sikukuu ni mahali ambapo haki ile ya kwanza inang'aa kuliko wakati wowote. Na inang'aa kwa sababu ina mwisho. Unaweza kumkumbatia mtu yeyote ikiwa unajua saa ya kuagana. Gharama yake imeshawekwa kwenye bajeti ya siku hiyo, pamoja na ufuta.

Je, basi ni unafiki? Rafiki zangu kadhaa wa Kiafrika huku wanasema ndiyo, na wengine wameacha kwenda. Mimi siafiki, na sababu yangu ni hii. Mnafiki anaonyesha kitu asichokuwa nacho. Yule bwana wa paa alikuwa nacho. Mikono iliyoshika yangu kunielekeza kuvuta uzi haikuigiza. Kumbe kipimo cha sikukuu siyo ukweli wake. Ni kama inaruhusiwa kushuka ngazi. Mtu akiweza kula na wewe tarehe 14 Januari, amekiri mbele ya mashahidi kuwa inawezekana. Ile ni ahadi, hata kama hakukusudia kuitoa. Ndiyo maana nadhani mgeni afanye yote mawili: aende kwenye sikukuu kwa furaha, na Jumatatu aulizie nyumba. Kwenda bila kuulizia kunamfanya mtalii wa kudumu. Kuulizia bila kwenda kunamfanya mdai tu.

Sasa turudi kwenye jembe. Nyumba nilikuja kuipata, ghorofa ya pili, kwa mama mmoja mjane anayekaa chini, ambaye jengo zima linamwita Ba, yaani mama au bibi. Aliniuliza swali moja: kama nitapika nyama, nitafunga dirisha la upande wa madhabahu yake? Nikasema nitafunga. Tukamaliza. Uttarayan ya kwanza pale nilipanda paani kama kawaida, tarehe 14, na tarehe 15 ambayo ni siku ya pili ya sikukuu. Tarehe 16 alfajiri akanigongea mlango, ana kijiti kirefu na mfuko. Uzi ule wa vioo ukibaki kwenye miti na nyaya unakata mabawa ya ndege kwa wiki nzima. Jimbo lina kampeni ya kuwaokoa majeruhi, na watu wanajitolea, lakini uzi wa mwarobaini wetu, akasema, ni wetu. Akanipa kijiti.

Hakusema karibu. Tulikusanya uzi hadi saa mbili, nikachelewa kazini. Tangu siku hiyo kamati ya jengo inanidai mchango wa pampu ya maji kama inavyowadai wengine, na wananigombeza nikichelewa.

Methali ile nimekuwa nikiisikia tangu utoto kama onyo kwa mgeni mvivu. Naiona sasa kama wajibu wa mwenyeji. Siku mbili za mwanzo unampa chakula, na hilo hata adui akija na bendera nyeupe utalifanya. Siku ya tatu unatakiwa umpe jembe, na jembe halitolewi bila shamba. Anayetupa ubwabwa kila mwaka na jembe hatupi kamwe, tumshukuru kwa ubwabwa, kisha tumuulize, kwa heshima zote: Bhai, shamba liko wapi?