Mwenye Ufa na Mjenzi wa Ukuta

Mashariki ya Nairobi, katika Embakasi, uko mtaa uitwao Pipeline. Maghorofa yake yamesongamana hata jua hupata taabu kufika chini, na jina lake lilitokana na bomba la mafuta. Maelfu ya watu hulitaja jina hilo kila siku, lakini ni wachache mno kati yao waliokiona kitu chenyewe, kwa kuwa bomba hufukiwa ardhini. Mafuta yalianza kusafiri hivyo kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 1978, mwendo wa kilomita 450 hivi. Na mwaka 2018 nafasi ya bomba la kwanza ilichukuliwa na jingine pana zaidi.

Bomba refu namna hiyo halitengenezwi likiwa kitu kimoja. Vipande vya feleji huunganishwa kwa moto, ncha kwa ncha, na kila kiungo chaweza kuwa na siri yake. Chuma kilichopata moto mkali kikapoa upesi huweza kuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Unyevu kidogo, au taka iliyonaswa ndani, huweza kuacha ufa mwembamba usioonekana kwa macho. Usidhani, msomaji, kuwa ugumu na ustahimilivu ni sifa moja. Kioo ni kigumu, nacho huvunjika ghafula. Chuma stahimilivu hujivuta na kupinda kabla ya kukubali kupasuka.

Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza, A. A. Griffith, alichapisha uchunguzi wake juu ya kuvunjika kwa vitu kama kioo. Alionyesha kuwa kadiri ufa unavyorefuka ndivyo nguvu ya kuuendeleza inavyopungua: ufa ukirefuka mara nne, nusu ya nguvu ya kwanza yatosha. Feleji haifuati kanuni hiyo kwa wepesi wa kioo, lakini nayo haiepuki. Msukumo wa mafuta hupanda na kushuka pampu zinapowashwa na kuzimwa, na ufa huweza kukua kidogo kidogo kwa miaka, bila sauti, mpaka ufike urefu ambao msukumo wa kila siku watosha kuupasua. Siku hiyo yaweza kuwa siku tulivu kabisa. Tarehe 16 Januari 1943 meli mpya ya mafuta, Schenectady, ilikuwa imefungwa gatini mjini Portland, Marekani, maji yametulia, ikapasuka karibu vipande viwili. Zamani mabamba ya meli yalifungwa kwa ribiti, na ufa uliofika ukingoni mwa bamba aghalabu ulikoma hapo. Uchomeleaji uliifanya meli nzima kuwa kama bamba moja, na ufa ukapata njia. (Upo umoja unaobeba msiba kwa wepesi kuliko utengano; lakini hiyo ni insha nyingine.)

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni usemi wa busara, lakini umejificha ndani yake jambo moja ambalo hatulichunguzi: unadhani kuwa mwenye ufa na mjenzi wa ukuta ni mtu yule yule. Katika nyumba ya udongo ni kweli. Katika bomba si kweli. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka bomba la Mombasa na Nairobi yakaingia katika mto Thange, huko Makueni, na waliopoteza maji yao ni wakulima ambao hawakuwa na hata skrubu moja katika bomba lile. Ikiwa hasara ya uzembe humwangukia mwingine, mwenye ufa ataonywa na nini? Hofu ya kujenga ukuta haimgusi. Kwake ule usemi hauna meno, na hapo wajibu huanza kuwa jambo la dhamiri na sheria.

Tarehe 12 Septemba 2011 mafuta yalivuja kutoka bohari la Kampuni ya Mabomba ya Mafuta ya Kenya, kando ya barabara ya Lunga Lunga, yakafuata mtaro hadi kijiji cha Sinai, Mukuru. Haukuwa ufa wa kiungo kilichochomelewa. Ilielezwa kuwa gasketi ya vali ilishindwa na msukumo. Watu walikuja na ndoo na mitungi. Moto ulipolipuka, watu wapatao 100 walikufa.

Baadaye yalisemwa maneno mengi juu ya wale wenye ndoo: kwamba walijitakia, na kwamba hawakupaswa kukaa pale. Hoja hii tusiitupe bila kuipima. Mwaka 2009 moto wa lori la mafuta lililopinduka Sachangwan, karibu na Molo, ulikuwa umeua watu zaidi ya 100, na habari ilienea nchi nzima. Basi hatuwezi kusema kuwa hatari haikujulikana. Lakini moto wa Sinai haukuuliza nani alichota na nani hakuchota. Uliingia katika nyumba. Na hata kwa aliyechota, pima muda. Yeye alikuwa na dakika chache za kuamua, na umaskini ukimsukuma mgongoni. Mwenye bomba alikuwa na miaka, na vyombo.

Vyombo hivyo si ndoto. Viungo hupigwa picha za eksirei. Bomba hujazwa maji kwa msukumo uzidio ule wa kazi, ili ufa uliokomaa upasuke mbele ya wahandisi na si mbele ya watoto. Chombo chenye vipimo husafirishwa ndani kukagua ukuta wake. Naona kuwa lawama yapasa kufuata uwezo wa kuona. Mpangaji wa Pipeline, katika ghorofa ya saba, hana hata kimoja cha vyombo hivyo. Anachoweza ni kuuliza bomba lilikaguliwa lini, na kilichoonekana kilitengenezwa lini. Na wewe utakayekuwa mhandisi au karani katika ofisi hiyo utapaswa kumjibu kwa tarehe, si kumwambia kuwa hakupaswa kukaa pale.