Mahame Si Mahali Patupu

Lugha yetu ina neno lenye hekima: mahame. Ni mahali palipohamwa na watu. Neno hilo halisemi kwamba mahali hapo pameharibika, wala kwamba hapana mwenyewe. Lasema tu kwamba watu wameondoka. Ni nani aliyeingia baada yao, na ana haki gani, hayo tumeachiwa sisi tuyajibu.

Atokaye Msata kwa barabara iendayo pwani hufika Bagamoyo, mji unaojua maana ya kuachwa. Mwaka 1891 Wajerumani waliyahamishia Dar es Salaam makao makuu ya utawala wao, na fahari ya Bagamoyo ikafifia. Jirani yake ni Kaole, penye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe. Bandari yake ya kale imezibwa na mchanga na mikoko. Palipotia nanga majahazi, leo kaa wamechimba mashimo yao. Kaskazini zaidi, katika pwani ya Kenya, mji wa Gede ulihamwa katika karne ya 17, na msitu ukauingia. Humo huishi sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo aliye katika hatari ya kutoweka duniani. Kuta zile hazikujengwa kwa ajili yake, lakini zimemsitiri.

Wapo watakaosema kwamba binadamu hutangulia. Kichaka nyuma ya nyumba huficha nyoka, ngedere hula mahindi, na mkulima wa Msata hawalishi wanawe kwa sauti za ndege. Hoja hiyo ni ya haki, na asiyewahi kupoteza shamba asiharakishe kuibeza. Hata hivyo, mkulima huyo huyo halimi makaburini, ijapokuwa ardhi ya hapo ina rutuba. Wazee wake waliiacha miti ya hapo isimame, wala hakuna aliyewaita wavivu.

Basi tutofautishe kutupa na kuacha. Kutupa ni kusahau. Kuacha ni kukumbuka na kujizuia. Viumbe wengi wanaojisitiri katika magofu, mabonde na viwanja vya miji yetu wanaishi kwa kusahau kwetu. Hifadhi ya namna hiyo ni dhaifu, kwani hukoma siku kiwanja kinapopimwa na bei ya ardhi inapopanda.

Mwezi Septemba 1961, mjini Arusha, Mwalimu Nyerere alitamka kwamba taifa limepokea wanyamapori kama amana. Tumezoea kuyaelekeza maneno hayo kwa tembo na simba wa mbugani. Lakini amana haipimwi kwa ukubwa wa kitu kilichowekwa. Popo wa gofuni naye yumo.

Kwa hiyo, vijiji na miji inapopanga matumizi ya ardhi, na iseme wazi: bonde hili na kichaka hiki cha makaburi ya kale tumeviacha. Na kwa kuwa uamuzi huo ni wa wote, hasara yake nayo iwe ya wote. Si haki kijiji kizima kijivunie msitu, huku mtu mmoja aliye ukingoni mwake akilala njaa kwa sababu ngedere wamemaliza shamba lake. Kuacha bila kumsaidia jirani huyo ni kumtupa yeye badala ya msitu.