Imana, Mizimu na Mvua: Kilichoitwa Upagani katika Kinyaga

Hakuna mtu katika Kinyaga, nchi ya kale ambayo leo sehemu yake kubwa ni wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, aliyejijua kuwa mpagani mpaka mwaka 1903, mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadri Weupe, walipofungua misheni ya Mibirizi. Jina hilo lilikuwa limetoka mbali: katika Dola la Roma paganus alikuwa mtu wa shamba, na kufikia karne ya 4 Wakristo walikuwa wakimwita hivyo kila aliyeendelea kuitambikia miungu ya wazee wake. Tangu asili yake, basi, upagani ni jina ambalo mtu hupewa na mwingine, nalo humweleza kwa kile alichokosa, ubatizo na maandiko, bila kugusa kile anachokiamini. Anayetafuta maana yake katika Kinyaga hana budi kufunua kwanza mambo yaliyofunikwa na jina hilo, kwa sababu hayakuwa dini moja.

La kwanza ni imani katika Imana, muumba wa vyote, ambaye Wanyarwanda hawakumjengea hekalu wala hawakumwekea makuhani, kwa kuwa walimjua kuwa mwema kwa tabia yake, asiyehitaji kutulizwa. Ukosefu huo wa ibada ya hadhara haukuwa ukosefu wa imani. Watoto walipewa majina kama Habimana, yaani Mungu yupo, na Hakizimana, yaani anayeponya ni Mungu. Na mwanamke aliyetamani kuzaa alihakikisha kabla ya kulala kwamba maji yamebaki chomboni ndani ya nyumba, ili Imana, ambaye huumba usiku, asikose maji ya kulainishia udongo wa kumfinyanga mtoto tumboni. Ni vigumu kuona tendo hilo linapungukiwa na nini hata lisiitwe sala. Padri Alexis Kagame, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya falsafa ya Wanyarwanda kuhusu kuwepo, alikwenda mbali zaidi akaonyesha kwamba lugha yao hugawa viumbe vyote katika mafungu manne, mtu, kitu, mahali na wakati pamoja, na namna, ilhali Imana hasimami ndani ya fungu lolote, kwa kuwa yeye ndiye chanzo cha mafungu yenyewe.

Waliohitaji kutulizwa walikuwa abazimu, yaani mizimu ya marehemu wa ukoo, ambao walijengewa vibanda vidogo uani na kupewa pombe, na ambao hasira yao iliaguliwa kwa mpiga ramli, umupfumu, kabla ya kutolewa chochote. Juu ya mizimu hiyo ya nyumbani ilisimama kubandwa, ibada ya Ryangombe, mwindaji ambaye masimulizi yanasema aliyapuuza maonyo ya mama yake, akaenda porini, akauawa na nyati, na mwili wake ukaangukia mti wa umuko, mti wenye maua mekundu. Aliyeingizwa katika ibada hiyo, awe Mhutu, Mtutsi au Mtwa, mwanamume au mwanamke, aliahidiwa kuishi na Ryangombe baada ya kifo katika kilele cha volkano ya Karisimbi, ilhali aliyekataa alingojewa na moto wa volkano ya Nyiragongo. Hapa palikuwa na siri, daraja za kuingizwa, wakubwa wa ibada na ahadi ya wokovu, na kwa hiyo hapa ndipo wamisionari walipotambua mpinzani halisi.

Mpinzani wa pili alikuwa mvua. Katika milima iliyo upande wa magharibi wa msitu wa Nyungwe, falme ndogo za Bukunzi na Busozo zilikuwa na wafalme wao, na yule wa Bukunzi alisifika kwa uwezo wa kuleta mvua, kiasi kwamba hata jumba la kifalme la Rwanda lilimheshimu kwa zawadi. Baada ya kifo cha mfalme wa Bukunzi, Ndagano, mwaka 1923, wakoloni wa Kibelgiji waliingia humo kwa jeshi, na katika miaka michache falme zote mbili zikafutwa. Swali la kweli, yaani kama uhalali wa mtawala unaweza kutegemea mbingu kuitikia, halikujadiliwa na yeyote. Lilizimwa kwa bunduki.

Jambo hilohilo lilirudiwa kwa kiwango cha nchi nzima. Mwaka 1925 Gashamura, mkuu wa abiru, yaani watunzaji wa siri na ibada za ufalme, alihamishiwa Burundi, na sherehe ya umuganura, ya malimbuko ya mavuno, ikakomeshwa. Tarehe 12 Novemba 1931 mwami, yaani mfalme wa Rwanda, Yuhi wa Tano Musinga, aliyekataa kubatizwa, aliondolewa kitini na kuletwa Kamembe, katika Rusizi hiihii, alikokaa mpaka mwaka 1940 alipopelekwa Moba nchini Kongo, ambako alifariki mwaka 1944. Mwanawe Rudahigwa alitawazwa bila ibada za abiru, akabatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme. Wakati huo utawala ulipendelea machifu waliobatizwa, kwa hiyo wingi wa waongofu wa miaka ya 1930 hauwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba hoja moja iliishinda nyingine, ingawa ni haki kukiri kwamba wengi waliamini kwa moyo wote.

Kuna jambo moja linaloonyesha hukumu ya kuyaita mambo haya yote upagani ilikosea wapi. Mapadri wa mwanzo hawakutaka kumtaja Muumba kwa jina la Imana, wakafundisha katekisimu kwa neno la Kiswahili, Mungu, wakihofu kwamba jina la wenyeji limechanganyika na ramli; baadaye Kanisa Katoliki la Rwanda liliacha neno hilo likalirudia jina la Imana, nalo ndilo linalotumika hadi leo. Kwa hatua hiyo Kanisa lilikubali kwamba aliyejulikana kabla ya Mibirizi ndiye yuleyule linayemhubiri, na kilichobaki kuitwa upagani kikawa mamlaka ya Ryangombe, ya abiru na ya wafalme wa mvua.