Baridi Isiingie Katika Ndoa

Wapendwa mume na mke, Juni inabisha hodi. Hapa Nyeri, kati ya Mlima Kenya na Nyandarua, ukungu na manyunyu vitakaa nasi hadi Agosti. Makaa yatahitajika zaidi, watoto watakohoa, na bonasi ya chai bado iko mbali. Ndipo maneno makali huanza: "Pesa zimeenda wapi?"

Ketini pamoja mapema. Hesabuni mapato yenu bila kufichana hata shilingi. Lowekeni mahindi na maharagwe usiku kucha, githeri iive kwa makaa machache. Ila msilale na jiko ndani ya chumba kilichofungwa: hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua.

Mkumbukeni mjane wa Sarepta. Alibakiwa na konzi moja ya unga, akamgawia nabii Eliya, na unga haukuisha. Githeri isiyo na nyama huliwa kwa furaha katika nyumba ambamo hakuna anayelaumiwa. Mume, mshukuru mkeo kwa uji wa jioni. Mke, mshukuru mumeo kwa mzigo wa kuni. Kisha salini pamoja kabla ya kulala.