Kivumishi Kimoja cha Kilatini

Mwanafunzi wa Kilatini hufundishwa mapema kwamba kiambishi per huongeza nguvu: magnus ni mkubwa, permagnus ni mkubwa mno. Basi akikutana na perfidus, naye ajua kuwa fides ni imani au uaminifu, hudhani amempata mtu mwaminifu kupita wote. Nasi seminarini tulidhani hivyo, mwalimu akacheka. Hapa per huharibu, kama katika periurus, aapaye uongo. Kwa Warumi wa kale perfidus ni haini, mvunja ahadi.

Kwa karne nyingi sala ya Ijumaa Kuu iliwaita Wayahudi kwa kivumishi hicho. Wataalamu walikitetea: katika Kilatini cha Kanisa, walisema, maana yake ni asiyeamini, wala si msaliti. Utetezi huo si wa bure, na mwaka 1948 Roma ilitamka kwamba tafsiri ya namna hiyo yaruhusiwa. Lakini twauliza: neno ni la nani, la alisemaye au la alisikiaye? Mfaransa aliyepiga magoti kanisani hakubeba kamusi ya Mababa wa Kanisa. Katika lugha yake neno perfide lilikuwa hai, nalo lilimaanisha haini. Myahudi naye alisikia vivyo hivyo.

Wala isidhaniwe kwamba hakuna aliyeonya. Chama cha Amici Israel, kilichokuwa na makardinali na maelfu ya mapadre, kiliomba neno hilo liondolewe. Ombi likakataliwa, na mwaka 1928 chama chenyewe kikavunjwa. Haikupita miaka ishirini, Wayahudi wapatao milioni sita walikuwa wameuawa katika Ulaya. Hatusemi kwamba kivumishi kiliwaua. Wauaji walikuwa na mafundisho yao wenyewe. Twasema tu kwamba sikio lililozoea kumsikia jirani akiitwa haini, tena mbele ya altare, halishtuki upesi jirani huyo anapochukuliwa.

Ijumaa Kuu ya mwaka 1959 Papa Yohane XXIII aliamuru neno hilo liachwe. Waliojua sarufi waliona kwamba sentensi haikudhurika hata kidogo: pro ilibaki mahali pake, na jina la Wayahudi likaifuata moja kwa moja, pasipo kitu katikati.