Hoja ya Mwili Unaokataa

Katika mjadala wa hivi karibuni kuhusu wakimbizi ilirudiwa hoja iliyozoeleka kiasi cha kutoulizwa: kwamba hata mwili wa binadamu humkataa mgeni, na kwa hiyo jamii inayomfukuza mgeni inafuata maumbile tu. Hiyo ni dhuluma iliyovikwa joho la sayansi, nayo inalazimu dhana ya ustahimilivu wa kinga ichunguzwe upya. Maana yake haina utata: ni hali ambayo kinga, yaani mfumo wa mwili unaopambana na vijidudu, huiacha tishu fulani bila kuishambulia, huku ikibaki na nguvu dhidi ya vingine.

Kwamba figo iliyopandikizwa hushambuliwa ni kweli, na ndiyo maana mpokeaji hutumia dawa za kufifisha kinga, kwa kawaida maisha yake yote. Lakini wenye hoja huishia hapo. Hawasemi kwamba mama hubeba kijusi ambacho nusu ya jeni zake zimetoka kwa baba. Wala kwamba mwaka 1995 Shimon Sakaguchi na wenzake nchini Japani walionyesha kuwa panya waliopewa seli za kinga zilizoondolewa kundi moja dogo walipata maradhi ya kinga kujishambulia katika viungo vingi, na kundi hilo liliporudishwa maradhi yalizuilika. Seli hizo huitwa seli T dhibiti, na kazi yake ni kuzituliza seli nyingine za kinga. Zinategemea jeni iitwayo FOXP3, na mtoto wa kiume anayezaliwa na hitilafu kubwa katika jeni hiyo hushambuliwa na kinga yake mwenyewe utumboni, kwenye ngozi na hata kwenye kongosho. Mwili uliopoteza wazuiaji wake hautakasiki, huanza kujila.

Hujibiwa kwamba wazuiaji hao humlinda mwenyeji, si mgeni. Jibu hili linaudhi zaidi, kwa kuwa linachukulia kwamba mpaka kati ya wawili hao ulikuwapo kabla ya kinga kufunzwa. Mwaka 1945 Ray Owen, huko Wisconsin, aligundua kwamba ndama mapacha wasiofanana, ambao mishipa yao ya damu iliungana tumboni mwa mama, hubaki na seli za damu za wenzao hata ukubwani. Ugunduzi huo wa zizini ulimsaidia Peter Medawar na wenzake, ambao mwaka 1953 waliwadunga panya wasiozaliwa bado seli za panya wa ukoo mwingine, na baadaye panya hao wakapokea ngozi ya ukoo huo. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1960 ilikwenda kwa Medawar na mwanasayansi mwingine, Burnet. Kuachwa kwa Owen ni vigumu kukutetea.

Pingamizi kwamba maumbile hayaamrishi maadili ni la haki na linazibana pande zote mbili, kama lilivyo la haki lile linalokumbusha kwamba seli hizo hizo huweza kuilinda saratani isishambuliwe na kinga.

Siku hizi seli T dhibiti za mgonjwa huchukuliwa, huzidishwa maabara na kurudishwa mwilini mwake. Katika majaribio ya figo yaliyochapishwa mwaka 2020 baadhi ya wapokeaji walipunguziwa dawa. Kama utulivu huo hudumu kwa sababu tu seli hizo hazikomi kufanya kazi, bado haijulikani iwapo figo imekubaliwa, au iwapo ugomvi unazuiwa upya kila siku.