Pedeli ya Mguu wa Kushoto

Mzee mmoja wa Tanga, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikatwa mguu wa kulia chini ya goti kwa sababu ya kidonda cha kisukari. Mtaa mzima ulimwita Ticha, na nusu ya mtaa huo ilipita darasani kwake. Gari lake dogo la otomatiki lilikaa uani miezi mingi likidondokewa na majani ya mwembe. Kisha akakata shauri: otomatiki haina klachi, kwa hiyo mguu mmoja unatosha. Tatizo ni kwamba pedeli ya mafuta iko kulia, na mguu aliobaki nao ni wa kushoto.

Akamwita fundi wa kuchomelea kutoka Ngamiani.

"Shikamoo, Ticha."

"Marahaba, mwanangu. Nataka unihamishie mafuta huku kushoto."

Fundi yule alikuwa hodari, nalisema hilo bila kusita. Alimkalisha mzee kwenye kiti cha dereva, akapiga magoti mlangoni, akamwomba aweke mguu pale unapotua wenyewe, akachora kwa chaki kuizunguka soli ya kiatu. Akakata nondo, akaipinda ipite chini ya pedeli ya breki bila kuigusa. Ncha moja akaichomelea kwenye pedeli ya mafuta, kwa kuwa lilikuwa gari la siku nyingi lenye pedeli za chuma. Ncha ya pili akaiwekea kibati chenye kipande cha tairi ili kiatu kisiteleze. Ukikanyaga ya kushoto, ya kulia nayo inashuka. Akaibonyeza na kuiachia tena na tena, akiangalia kama inarudi yenyewe. Ikarudi.

Zaidi ya mwaka Ticha aliendesha bila kugusa hata ndoo ya mtu. Alikwenda kliniki Bombo, msikitini Ijumaa, shambani Pongwe. Watu walimpungia mkono, naye akawa mtu mwingine kabisa, mwenye safari zake na saa zake. Nataka msomaji alikumbuke hilo, maana ndilo linalosahaulika haraka mambo yakiharibika.

Siku ya harusi ya mjukuu wake, mpwa wake alifika uani anakimbia. Kijana huyo ni dereva wa Fuso, anapandisha na kushusha mizigo ya Lushoto.

"Mjomba, naomba funguo nikalete masufuria ya pilau Makorora."

"Chukua. Lakini nisikilize vizuri. Ile ya kushoto si klachi, ni mafuta. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mjomba."

Na kweli alielewa. Alitoka uani polepole, mguu wa kushoto ameukunja nyuma kabisa, akaendesha vizuri hadi karibu na njia panda. Hapo bodaboda ikamkatia mbele ghafla. Yule kijana akafanya jambo ambalo miguu yake hulifanya kila siku kwenye Fuso: wa kulia ukaangukia breki, wa kushoto ukashindilia klachi mpaka chini. Lakini klachi haikuwepo. Alishindilia mafuta mpaka mwisho.

Wengi huuliza kwa nini breki hazikulishika gari, ilhali zilikanyagwa. Jibu liko ndani ya boneti. Nyuma ya injini, mbele ya dereva, kuna kopo kubwa jeusi linaloiongezea breki nguvu. Kwenye gari la petroli kama lile, kopo hilo hutegemea mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Mafuta yakifunguliwa yote, mvuto huo hufifia, na kopo hubaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu. Ukikanyaga kwa nguvu mara moja na kushikilia, gari zima kiufundi kwa kawaida litasimama hata injini ikinguruma. Ukiachia na kukanyaga upya, kila mara unakula akiba ile, hadi pedeli inakuwa ngumu na mguu wa kawaida hauiwezi. Mpwa alipoona gari linakwenda badala ya kusimama, aliachia akakanyaga, akaachia akakanyaga, na mguu wa kushoto haukuondoka pale ulipo, kwa sababu mwili wake ulikuwa na hakika kwamba umeshika klachi.

Gari likaacha lami, likapita juu ya meza ya mama mmoja muuza machungwa ya Muheza, likaishia kwenye nguzo. Mama yule alivunjika nyonga na paja. Alilala wodini wiki nyingi, na mtaji wake ukaishia kwenye dawa na nauli za waliokuwa wakimuuguza.

Maneno ya mtaani hayakukawia. Wapo waliosema kijana ni mzembe, ameambiwa hakusikia. Mimi siafiki. Alisikia, na kwa muda wote aliokuwa ametulia alitii. Onyo la mdomo hukaa kichwani, na katika nukta ile ya hofu si kichwa kinachoendesha. Anayempa mtu funguo na kumwambia "kumbuka tu" anamtegemea afanye jambo ambalo binadamu aliyeshtuka haliwezi.

Wengine, tena ndugu wa damu, walisema baya zaidi: mtu asiye na mguu gari la nini, auze. Hukumu hii inaniuma, kwa sababu inamwadhibu mtu ambaye hakugonga yeyote. Franklin D. Roosevelt, aliyepooza miguu mwaka 1921, aliendesha mwenyewe gari kwa mikono akiwa rais wa Marekani. Ford yake ya 1938 yenye vidhibiti vya mkono imehifadhiwa Warm Springs, Georgia. Clay Regazzoni, dereva wa mashindano kutoka Uswisi, alipooza mwaka 1980 huko Long Beach baada ya pedeli yake ya breki kukatika katikati ya mbio. Baadaye aliendesha kwa mikono, na kushiriki hata mbio za Paris–Dakar. Ticha kuendesha halikuwa kosa.

Kosa lilikuwa kwenye swali ambalo fundi hakuuliza na mzee hakulifikiria: gari hili linaendeshwa na nani mwingine? Nyumba zetu ndivyo zilivyo. Gari la baba ni la mpwa, la jirani mwenye mgonjwa usiku, la anayelipeleka kuoshwa. Ukibadilisha vidhibiti, umevibadilisha kwa wote hao.

Pedeli ya kushoto iliyotengenezwa inavyopaswa haichomelewi kwenye gari. Hukaa juu ya kibao kinachoshikwa sakafuni kwa klipu, dereva mwingine akiingia inatolewa yote, au inakunjwa juu na kufungwa isiweze kukanyagika. Wakati inatumika, pedeli ya kulia hufunikwa kwa ngao, kwani mguu bandia hauhisi kitu na unaweza kulalia mafuta mwenyewe asijue. Nondo ya Ticha haikuwa na kimojawapo kati ya hivyo. Vidhibiti vya mkono vina nafuu nyingine: fimbo kando ya usukani, aghalabu ukiisukuma mbele unafunga breki, ukiivuta unaongeza mafuta, na pedeli za chini zinabaki kama zilivyokuwa. Anayetumia miguu analikuta gari alilolizoea. Navyo hufungwa kwa bolti na vibanio, ambavyo fundi anaweza kuvikagua na kuvikaza, ilhali ufa ndani ya chuma kilichochomelewa unaweza kukua bila kuonekana.

Gharama ni kikwazo, najua. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 ina kifungu cha msamaha kwa watu wenye ulemavu, kinachogusa hata gari moja lililotengenezwa mahsusi kwa ajili yao. Uliza forodhani kabla hujanunua gari la kawaida na kumtafuta mchomeleaji. Ukibadilisha lolote, iandikie kampuni yako ya bima. Ticha hakufanya hivyo, na siku ya ajali swali la kwanza lilikuwa kama aliiandikia.

Ndugu fundi, ukiletewa kazi ya namna hii, usiwashe mashine ya kuchomelea kabla hujajua nani wote wataketi kwenye kiti kile, na usikabidhi kazi ambayo haiwezi kufunguliwa na kuondolewa kwa mkono mmoja. Nawe mwenye gari ambalo tayari lina nondo kama ile, liendeshe wewe peke yako hadi utakapoibadilisha, na akija mtu kuomba funguo, hata kama ni siku ya harusi, mkatalie umwitie bajaji.